Beach Boys wasikilizwe kwa albamu nzima, si kwa mkusanyiko wa vibao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Barua ni ndefu, najua, na kama nafasi ni finyu basi punguza huku mwanzoni. Maelekezo yenyewe yako katikati na mwishoni.

Tangu Brian Wilson, mtunzi mkuu wa bendi ya Marekani ya Beach Boys, afariki dunia Juni 11, 2025, kila anapokumbukwa hewani zinapigwa nyimbo zile zile sita au saba: mawimbi, magari, wasichana wa California, kisha “Kokomo” ya kufungia kipindi. Hiyo “Kokomo” ya 1988 Brian hakuitunga, wala hakuimba katika rekodi iliyovuma. Ni sawa na kumsifia marehemu mpishi kwa pilau iliyopikwa na jirani.

Hoja yangu ni moja. Beach Boys ni bendi ya albamu. Vibao vyao havina ubaya, lakini ile kazi ya kupanga sauti inayowafanya wanamuziki wenzao wawavulie kofia imo ndani ya santuri nzima nzima za kati ya 1965 na 1973, na sehemu kubwa yake haimo kabisa kwenye mikusanyiko ya “vibao bora” ambayo ndiyo watu wanayo.

Kampuni yao ya Capitol ndiyo iliyoanza kuchanganya mambo. Albamu ya Pet Sounds ilitoka Mei 16, 1966. Kabla miezi miwili haijatimia, Julai, Capitol wakatoa Best of the Beach Boys, nyimbo za zamani zilizokwisha kuuzika. Duka ni lile lile, jina kwenye jalada ni lile lile, na mnunuzi akachukua anachokijua. Pet Sounds ikagota namba 10 Marekani, wakati Uingereza, ambako watu waliichukua kama ilivyo, ilifika namba 2. Miaka minane baadaye mchezo ukarudiwa: Endless Summer ya 1974, santuri mbili zenye nyimbo 20 za kati ya 1962 na 1965, ikapanda hadi namba 1 Marekani. Ndani yake hamna hata wimbo mmoja wa Pet Sounds. Kizazi kizima kikaambiwa kwamba bendi hii iliishia ufukweni.

Kwa asiyewajua: walianzia Hawthorne, California, mwaka 1961. Ndugu watatu, Brian, Dennis na Carl Wilson. Binamu yao Mike Love. Na Al Jardine, rafiki wa shule. Bruce Johnston aliingia 1965, baada ya Brian kuacha kusafiri na bendi ili abaki studio kutunga na kurekodi. Kati yao wote ni Dennis, mpiga ngoma, aliyekuwa anateleza juu ya mawimbi kweli. Wengine waliyaimba tu.

Anayeimba kwaya atawaelewa kwa nusu saa, mradi ajue pa kutega sikio. Mike anakaa chini, kwenye besi, na anapoongoza sauti yake ina upua kidogo. Juu kabisa yuko Brian na falseto yake, ile sauti nyembamba ya mwanamume iliyopandishwa juu ya kawaida yake. Katikati wamebanana Carl, Dennis, Al na baadaye Bruce, na hapo ndipo penye kazi, maana sauti hizo za kati zinafanana kiasi kwamba zinasikika kama mtu mmoja mwenye koo pana. Katika kwaya zetu nyingi wimbo wenyewe unabebwa na sauti ya kwanza, juu, na wengine wanausindikiza kwa chini. Brian aliugeuza mpango huo. Mara nyingi wimbo anao Mike, na falseto inatembea juu yake na maneno yake yenyewe, au bila maneno. Sikiliza “I Get Around” ya 1964 ukijiuliza nani hasa anaongoza. Utabadilisha jibu mara mbili kabla wimbo haujaisha.

Jambo jingine ni ukaribu wa noti. Brian alijifunzia kwa Four Freshmen, kikundi cha jazi cha sauti nne. Akiwa kijana aliweka santuri zao, akasikiliza kipande kifupi, akakitafuta kwenye piano sauti moja moja, kisha akarudi kwenye kipande kinachofuata. Kutoka kwao alichukua tabia ya kuweka sauti mbili zilizopishana hatua moja tu, re na mi zikilia pamoja. Mwalimu wa kwaya aliyezoea do-mi-so atadhani kuna mtu amepotea. Hajapotea. Iondoe ile re uone jinsi wimbo unavyobaki mkavu.

Namna walivyorekodi nako kuna somo kwa wanaorekodi kwaya. Noti za chini za Mike zilikuwa hafifu, hivyo alipewa maikrofoni yake na kusogea karibu nayo kabisa, wakati wengine walizunguka maikrofoni nyingine. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kuwapanga waimbaji wote mbele ya maikrofoni moja kwa umbali mmoja: besi inazama, na fundi akijaribu kuiinua baadaye anainua pia vishindo vya miguu na mngurumo wa feni. Kosa la upande wa pili ni kumpa kila mtu maikrofoni yake na hedfoni na kumtenga na wenzake. Hapo kila mmoja anaimba kivyake, na sauti hazichanganyiki hata uzimiksi namna gani. Tangu albamu ya Surfin’ U.S.A. ya 1963 walianza pia kuimba sehemu zao mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Tofauti ndogo za pumzi na matamshi kati ya mara hizo mbili ndizo zinazonenepesha sauti. Sharti lake ni kwamba herufi kama s na t ziangukie mahali pamoja. Zikiachana kidogo tu, mwisho wa kila mstari unachacharika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

Sasa albamu zenyewe. Anza na The Beach Boys Today! ya Machi 1965. Upande wa kwanza ni wa kucheza, na una “When I Grow Up (To Be a Man)”, ambamo waitikiaji wanahesabu umri nyuma ya mwimbaji, mwaka baada ya mwaka, na wimbo unafifia hesabu ikiendelea. Humo pia mna “Help Me, Ronda”, bila h. Hii si ile iliyovuma redioni. Ile ilirekodiwa upya na imo katika albamu iliyofuata. Hii ya Today! kuelekea mwisho sauti inashuka, inapanda, inashuka tena. Usigonge spika yako. Ndivyo ilivyomiksiwa, na sioni kama ilikuwa busara.

Upande wa pili ndio sababu ya kuwa na albamu hii. Nyimbo tano za taratibu zinafuatana: “Please Let Me Wonder”, “I’m So Young”, “Kiss Me, Baby”, “She Knows Me Too Well” na “In the Back of My Mind”. Ya mwisho anaimba Dennis, kwa koo lenye mikwaruzo ambalo hakuna aliyelitarajia katika bendi ya sauti laini. Kwa sikio la kwaya, chukua “Kiss Me, Baby”. Kiitikio chake kina maneno ya aina mbili kwa wakati mmoja, sauti za chini na lao, za juu na lao, na hakuna upande unaomfunika mwenzake kwa sababu wa chini wanasema maneno mafupi ya haraka wakati wa juu wanavuta. Walimu wengi wakijaribu jambo hili huwapa pande zote mbili maneno marefu, na kinachotoka ni kelele za sokoni. Baada ya nyimbo hizo tano kinakuja kipande cha porojo za studio cha dakika mbili hivi. Kiruke bila huruma.

Pet Sounds ina nyimbo 13 na haifiki dakika 40. Maneno mengi Brian aliyaandika pamoja na Tony Asher, mwandishi wa matangazo ya biashara. Ala zilipigwa zaidi na wanamuziki wa kukodi wa studio za Los Angeles, wakiwemo Hal Blaine kwenye ngoma na Carol Kaye kwenye gitaa la besi, wakati wenzake Brian walikuwa ziarani. Waliporudi walikuta muziki umeshakamilika na kazi yao ni kuimba. Waliimba na kurudia, kurudia na kuimba.

Ufundi ulikwenda hivi. Ala zilirekodiwa kwenye mashine ya traki 4, yaani yenye njia nne za kurekodia zinazojitegemea. Kisha zote zikakusanywa na kunakiliwa kwenye traki moja ya mashine ya traki 8, iliyokuwa studio za Columbia, na traki 7 zilizobaki zikawa za sauti za watu. Faida yake ni nafasi ya kutosha ya kupanga sauti na kuzirudia. Hasara ni kwamba ala zikishabanwa kwenye traki moja huwezi tena kupunguza ngoma au kuongeza piano, na kila unaponakili kanda unaongeza mvumo. Ndiyo maana Brian ilimbidi awe na uhakika wa uzito wa kila ala siku ile ile ya kupiga. Leo prodyuza anaacha uamuzi huo hadi wiki ya mwisho, na mara nyingi unasikika kuwa haukuamuliwa kabisa.

Orodha ya ala ukiisoma bila kusikia utadhani ni utani. “Wouldn’t It Be Nice” inafunguliwa na gitaa la nyuzi 12, kisha pigo moja la ngoma, kisha akodioni mbili zinazopigwa kwa mtetemo. Mpenzi wa taarabu ya Unguja atazitambua mara moja, ingawa kazi yake hapa ni tofauti: hazibebi wimbo, zinasukuma mwendo. “You Still Believe in Me” inaanza na nyuzi za piano zikikwanyuliwa kutoka ndani huku mtu mwingine amebonyeza vibonye, na inaisha na honi ya baiskeli. “God Only Knows” ina njuga na lile tarumbeta la mviringo la okestra. Ngoma ya kwanza ya “Caroline, No” ni mtungi mtupu wa plastiki wa maji uliopigwa na Hal Blaine.

Katikati ya bendi hii ya sauti nyingi kuna wimbo wa sauti moja, “Don’t Talk (Put Your Head on My Shoulder)”. Brian yuko peke yake na ala za nyuzi. Ukiusikiliza kwenye mkusanyiko ni wimbo mzuri wa taratibu tu. Ukiusikiliza mahali pake, wa nne, baada ya nyimbo tatu zilizojaa watu, ukimya wa wale wengine unasikika. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio. Vivyo hivyo “Sloop John B”, wimbo wa jadi wa Karibi ambao Al Jardine ndiye aliyeuleta, unafunga upande wa kwanza. Kuna mahali ala zinanyamaza ghafla na sauti zinabaki zenyewe. Hapo ndipo pa kupima spika: ukisikia besi ya Mike waziwazi, spika yako inafaa.

Upande wa pili unafunguliwa na “God Only Knows”. Gazeti likiandika tena, tafadhali lisiandike kwamba anayeimba ni Brian. Ni Carl, mdogo wao, aliyekuwa na miaka 19. Mzunguko wa mwisho, ule wa sauti zinazofukuzana hadi wimbo ufifie, ni Brian na Bruce peke yao: Brian juu na chini, Bruce katikati. Kwa mwenye gitaa, kinachowashinda wengi ni besi. Haikai kwenye noti mama ya kodi (yaani zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Inakaa kwenye ya tatu au ya tano. Ukipiga kodi zile zile na besi ya kawaida, wimbo unatua chini kila baada ya mapigo manne na ule wepesi wake unapotea wote. Piga besi kwanza, peke yake, hadi ikukae, ndipo uongeze kodi.

Suala la toleo lipi ununue si dogo. Brian alikuwa karibu kiziwi sikio la kulia, na redio za wakati ule pamoja na za magari zilikuwa na spika moja, kwa hiyo alimiksi mono, yaani sauti zote kwenye njia moja bila kushoto wala kulia. Lakini Capitol walitaka neno “stereo” dukani. Kwenye santuri za zamani tazama namba ya jalada: Pet Sounds yenye T 2458 ni mono, yenye DT 2458 ni Duophonic, yaani stereo ya kubuni. Mono ile ile imegawanywa pande mbili, upande mmoja umeongezewa besi, mwingine umeongezewa sauti nyembamba, kisha mmoja ukacheleweshwa kidogo. Kwa hedfoni, besi inavutwa sikio moja na njuga zinavutwa sikio lingine, na waimbaji wanaelea bila makao. Kwenye spika moja ya bluetooth ni vibaya zaidi: pande mbili zilizopishana zinapokutana zinafutana mawimbi, na bendi inasikika kama inaimba ndani ya pipa. Today! nayo ilipata masaibu hayo hayo. Wapo waliozihukumu albamu hizi kwa lile pipa.

Kama nakala uliyonayo ni Duophonic tu, usiiunganishe kuwa mono. Vuta balansi yote upande mmoja, ule wenye sauti za watu zilizo safi zaidi, kisha rekebisha besi na treble kwa mkono. Haitakuwa kamili, ila pipa litaondoka. Kwenye majukwaa ya muziki ya simu chagua ile iliyoandikwa mono. Tena, kuwasha mpangilio wa sauti ya mono ndani ya simu huku unapiga toleo la stereo hakukupi mono ya Brian. Kunakupa stereo iliyobanwa, ambayo uzito wa ala zake ni mwingine.

Stereo halisi ya Pet Sounds ilipatikana katika miaka ya 1990, pale fundi Mark Linett alipooanisha kwa kompyuta zile kanda za ala na zile za sauti. Ilitoka mwaka 1997 kwenye The Pet Sounds Sessions. Ni nzuri ya kujifunzia, lakini ina mapengo ya kweli. Sauti ya Mike kwenye sehemu ya katikati ya “Wouldn’t It Be Nice” haikupatikana kwenye kanda zile, hivyo mle anasikika Brian. Matoleo ya baadaye yakarekebisha. “You Still Believe in Me” inakosa ile sauti ya pili iliyoimbwa juu ya ya kwanza, na uongozaji unasikika mwembamba. Kwa upande mwingine, kwenye mono ya asili kuna mazungumzo ya studio yaliyovuja katikati ya “Here Today”, wakati wa kipande cha ala. Pandisha sauti utayasikia. Stereo imeyaondoa. Mimi nayapenda yalipo.

Katika mkusanyo huo huo wa 1997 kuna hazina ambayo kila mwalimu wa kwaya angepaswa kuwa nayo: albamu iliyovuliwa ala zote, sauti tupu, inaitwa Stack-O-Vocals. Namna ya kuitumia: chukua wimbo mmoja, punguza mwendo hadi robo tatu (programu nyingi za kuchezea muziki zinaweza bila kushusha noti), na uifuate besi peke yake mwanzo hadi mwisho. Ukishaijua, ifuate falseto. Za katikati ziache mwisho, kwa sababu ni rahisi kuzipata ukishajua dari na sakafu, na ni karibu muhali kuzipata ukianza nazo. Mrekodi kila mwimbaji sehemu yake kwenye simu aende nayo nyumbani. Wakikutana waimbe kwanza kwa irabu moja, “uu”, hadi sauti zikae pamoja, ndipo walete maneno. Wakianza na maneno kila mtu anakuja na lafudhi yake. Na wasitetemeshe sauti. Noti zilizokaribiana hivi hazivumilii mtetemo hata kidogo.

“Caroline, No” isiwachanganye wanaotafuta noti zake: kanda iliharakishwa ili ipande nusu hatua, na sauti ya Brian ikawa changa kuliko alivyoimba. Katika mkusanyo huo mna toleo la mwendo wa asili. Linganisha yote mawili.

Kilichofuata baada ya 1966 nitakipitia kwa haraka zaidi. “Good Vibrations” ilirekodiwa kwa vipande, kwenye studio mbalimbali, kati ya Februari na Septemba 1966, na vipande vikaunganishwa kwa kukata kanda kwa wembe. Maungio yanasikika, hasa pale muziki unapoporomoka ghafla na kubaki kinanda, na hayakufichwa. Kwa mtindo huo huo Brian alianza albamu ya Smile, akiandika na Van Dyke Parks, ikamshinda, akaiacha 1967. Mahali pake ikaja Smiley Smile, iliyorekodiwa zaidi nyumbani kwake, nyepesi na ya ajabu ajabu. Vipande vya Smile vilitawanyika kwenye albamu za baadaye kama vyombo vya nyumba iliyohamwa usiku. Brian aliimaliza upya na wanamuziki wengine mwaka 2004, na kanda zenyewe za bendi zilitoka 2011 kwa jina The Smile Sessions. Humo mna “Our Prayer”, isiyo na ala wala maneno, na haichukui hata dakika mbili. Kwaya yenye uwezo ijaribu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Wild Honey ya 1967 ni ya Carl kuimba kwa mtindo wa soul, na ni ya furaha. Friends ya 1968 ina dakika 25 tu na inafaa asubuhi. Hizo mbili hazina haraka na wewe.

Sunflower ya Agosti 1970 ndiyo ningempa mtu anayedhani Beach Boys ni Brian na wasindikizaji. Kila mmoja ameleta nyimbo zake, na kila mmoja anaimba. “This Whole World” haifiki dakika mbili, lakini inahama ufunguo mara kadhaa bila kukugutusha, kwa sababu kila mara kuna sauti moja inayobaki kwenye noti ile ile wakati nyingine zote zinahama chini yake. “Forever” ya Dennis ni wimbo wa mapenzi ulionyooka kama mstari wa rula. Katika “Add Some Music to Your Day” waongozaji wanapokezana mstari kwa mstari. Ni mazoezi mazuri ya kuzitambua sauti zao kwa majina. Marekani albamu hii iliishia namba 151. Hesabu hiyo inasema zaidi kuhusu wanunuzi wa mwaka ule.

Surf’s Up ya 1971 ruka “Student Demonstration Time”, kelele ya bluzi isiyo na mahali pale. Mwishoni mwa albamu, “’Til I Die” na wimbo wenye jina la albamu visikilizwe pamoja bila kukatwa. Huo wa mwisho ni mabaki ya Smile: Carl anaimba sehemu ya kwanza, kisha anaingia Brian na piano yake ya 1966, kijana zaidi kwa miaka mitano katika wimbo ule ule, kisha wote wanakutana. Ukijua hilo, pale anapoingia Brian utasikia hewa ya chumba inabadilika, maana chumba kilibadilika kweli.

Halafu kuna sura ambayo wasomaji wa bara hili wanapaswa kuijua. Mwaka 1972 bendi iliwachukua wanamuziki wawili wa Durban, Afrika Kusini: Blondie Chaplin, mpiga gitaa na mwimbaji, na Ricky Fataar, mpiga ngoma, kutoka bendi ya The Flames. Nyumbani kwao sheria za ubaguzi wa rangi zilipanga nani akae wapi. Huku wakawa wanachama kamili wa bendi iliyokuwa nembo ya vijana weupe wa California. Mwaka ule ule bendi ilisafirisha vifaa vya studio kutoka California hadi kijiji cha Baambrugge, Uholanzi, na huko ikarekodi sehemu kubwa ya albamu ya Holland, iliyotoka Januari 1973. Kampuni yao ya wakati huo, Reprise, iliikataa mara ya kwanza ikisema haina kibao. Kikaongezwa “Sail On, Sailor”, na anayeongoza si ndugu yeyote wa Wilson wala binamu yao. Ni Blondie Chaplin. Wimbo huo unapigwa hadi leo, na wengi wanaoupenda hawajui kwamba sauti ile ni ya Durban.

Baada ya hapo The Beach Boys Love You ya 1977 ni ya kujaribu ukiwa umeshawapenda. Sauti ya Brian imekwaruzika na kinanda cha umeme kimejaa kila kona, ila utunzi ni wake hasa. Usianze nayo.

Mwisho, zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo kwenye simu, na uzime pia ule wa kuruka ukimya. Pet Sounds haiishii na noti ya mwisho ya “Caroline, No”. Linapita treni, na mbwa wawili wa Brian, Banana na Louie, wanalibwekea hadi linapotelea mbali. Subiri wamalize.

Msomaji wako,
Tanga